Alama za Mtaa Wetu

S.L.P. 61,
Mbinga.
18 Agosti 1996

Mpendwa dada Kunigunda,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za afya, naomba usimame wima huko Tanga uliko: natangaza rasmi kwamba choo chetu kimeandikwa kwenye karatasi za wataalamu. Kuta, paa, mlango, vyote. Haya, kaa sasa. Mguu umepona? Sisi wazima, ila tumbo langu linazidi kunitangulia kila niendako.

Mwezi uliopita nilikuandikia kuwa mtaa wetu umepata alama ishirini na tisa kwa mia, basi usihangaike kurudi kujenga, kiwanja chako uniuzie mimi. Sasa sikia.

Aliyetoa alama hizo za hali ya maisha ni binti mmoja, Luisa, katumwa na kampuni inayotafuta pa kujenga nyumba za kupangisha, maana tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waingie, wageni hawana pa kulala. Hakuuliza mtu anapata kiasi gani. Aliuliza sakafu, taa, maji, baiskeli, mama kasoma mpaka darasa la ngapi. Sisi tukajua ni kodi! Mtaa mzima tukalaza baiskeli zetu shambani kwenye mashimo ya ngoro yanayokinga maji ya mvua, tukazifunika mabua. Redio yangu ililala huko siku tatu.

Juzi karudi. "Baba," akaniambia, "mtaa hauna baiskeli hata moja, lakini njia yote ina michirizi ya matairi. Na karibu kila mama hapa kamaliza la saba. Majibu yenu hayapatani."

Mke wangu Walburga akacheka: "Twende shambani, mwanangu, nikuonyeshe zilikolala. Baiskeli ya huyu mzee ndiyo iliyotangulia."

Hesabu ikarudiwa: sitini na nne! Dada, miaka ishirini naishi hapa, sijawahi kuuona mtaa huu kama alivyouona yule binti kwa maswali kumi na mawili. Anasema mahali akina mama wanaposoma, nyumba za tofali hazichelewi, na viwanja hupanda bei. Nikatoka kuzitazama nyumba za majirani kama mgeni, nikasahau hata kuwaamkia.

Walburga anakusalimu sana, na mama mdogo Hedwiga, na Bernadi wa Lundo aliyetuletea dagaa wa usipa kutoka ziwani.

La mwisho ndilo gumu. Zile ishirini na tisa zilinifurahisha. Nimepanda mibuni arobaini kwenye kiwanja chako bila kukuomba, nikaogopa ukirudi utaing'oa. Usiniuzie. Njoo ujenge. Naing'oa mwenyewe; leo nimefikia wa saba.

Mungu akulinde safari nzima.

Mdogo wako anayekupenda, ingawa kwa aibu,
Erasmo