Ujumbe Ambao Sijausoma

Jumapili, 2 Februari

Mazoezi. Ukumbi tuliokodi ni baridi kama friji, mashine ya joto imeharibika tena. Wasichana wanacheza na soksi nene, wanateleza, wanacheka. Uholanzi hii!

Katikati ya mazoezi akapiga kaka yangu, Bli Suar, kutoka Bali, kwa video. Bibi haamki kitandani tena, lakini anataka kuwaona watoto wakicheza rejang, ngoma yetu ya ibada. Nikawaelekezea simu. Sauti imekuwa nyembamba ila ulimi ni uleule. Akauliza, hao wanamchezea Mungu au wamebeba ndoo? Inueni viwiko! Hawakuelewa hata neno moja, lakini viwiko vilipanda.

Kisha akasema, Luh, kaa kidogo tuongee. Nikamjibu nina watu, Bibi, nitakupigia kesho.

Jumanne, 4 Februari

Sikupiga jana. Leo pia sijapiga. Kazi, kisha kushona mishipi, kisha usingizi. Visingizio ninavyo vya kutosha.

Jioni alikuja Bu Kerti, mama wa mapacha. Hakukaa hata kitini.

"Dada Luh, mwaka jana tulicheza kama kuku walionyeshewa. Tukiaibika tena Jumamosi, kwenye sherehe ya Saraswati, wanangu nawapeleka mpira wa magongo. Huko angalau wanapewa jezi."

Mapacha wakiondoka, wanabaki binti yangu Widi na vitoto visivyojua kushoto wala kulia. Ndiyo mwisho wa kikundi. Nikamwahidi nitaongoza mimi mwenyewe, wote wafuate mikono yangu. Akalainika, akanywa chai.

Alhamisi, 6 Februari

Bli Suar kapiga alfajiri. Bibi hali chakula. Anakuulizia, akasema, na hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Nilipeleka maua kwa kuhani wetu, Pak Nyarka. Alikuwa ndiyo kwanza katoka kazini, bado na sare ya udereva wa basi. Nikamuuliza huku nikipanga maua, kana kwamba ni mazungumzo tu.

"Pak, mtu akifiwa nyumbani Bali, naye yuko huku, anaruhusiwa kuingia kwenye ibada?"

"Akishapata habari, hapana. Ana uchafu wa msiba, asubiri atakaswe. Na rejang ndiyo aisahau kabisa."

"Na kama habari hazijamfikia?"

"Asiyejua hana kosa." Akashusha miwani. "Kwani kuna nini, Luh?"

"Hakuna, Pak. Wasichana wanauliza."

Nimemdanganya kuhani mchana kweupe, na mikono imejaa maua yake.

Ijumaa, 7 Februari

Simu inatetema tangu mchana. Nimeiweka kwenye droo ya vijiko. Huko ndiyo inapiga kelele zaidi!

Tulikuwa tunasuka mataji ya maua, mimi na Widi.

"Mama, pokea basi. Ni Mjomba."

"Tutampigia kesho, baada ya sherehe."

"Na kama ni habari za Bibi?"

"Ndiyo maana."

Limenitoka tu. Widi akaendelea kusuka. Ana miaka kumi na sita, si mtoto wa kudanganywa kwa biskuti.

Baadaye ikaingia sauti ya ujumbe. Sikufungua droo. Najua. Mtu hapigi simu namna ile ili kuuliza hali ya hewa. Lakini kujua si kuambiwa — Pak Nyarka mwenyewe kasema habari!

Bibi ndiye aliyeniambia siku naondoka, usiiache rejang ifie huko. Angenielewa. Nimeliandika hilo na naona haya. Bibi wa watu alitaka tuongee kidogo tu, nami sasa najificha nyuma ya mgongo wake.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Leo hatusomi wala hatuandiki mpaka ibada iishe. Vitabu vyote vimepumzika mbele ya madhabahu, vimepambwa maua. Asubuhi nilifurahi — aibu gani hii! — kwa sababu ujumbe nao ni maandishi. Siruhusiwi kuusoma! Basi mimi ni mcha Mungu.

Na bado naandika. Nimejifungia chooni hapa ukumbini, taji kichwani, daftari juu ya goti. Nisipoandika nitapiga kelele.

Nilikuwa nimeshamvika Widi. Kapendeza, kafanana na Bibi kwenye paji la uso. Mara akaanza kuchomoa maua kichwani, moja baada ya jingine, na kuyaweka mezani.

"Mama, mimi nimesoma. Mjomba kaniandikia na mimi."

"Usiseme!"

Nikamziba mdomo. Mwanangu, kwa mkono wangu mzima. Akautoa taratibu, rangi ya midomo yake ikabaki kiganjani mwangu.

"Sisemi," akasema. "Lakini sichezi."

Akatoka nje ya kamba ya eneo la ibada, asikovuka mwenye uchafu, kule kwenye baiskeli, na nguo zake nyepesi za ngoma.

Bu Kerti akauliza Widi kapatwa na nini. Mama mwingine akacheka chini chini, ah, atakuwa mwezini, maskini, na leo ndiyo siku yenyewe! Wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hiki chenye maua.

Mapacha wamesimama mlangoni, viwiko juu, wanajaribu wenyewe. Wamependeza. Ndiyo uchungu wenyewe, wamependeza kweli.

Koti la Widi limebaki huku ndani, kwenye kiti. Nimelishika nikaliacha. Nikimpelekea atanitazama usoni, na nitakuwa nimeambiwa.

Ngoma zimeanza. Dada Luh! Dada Luh, uko wapi? Naja, nimewajibu, naja. Dirisha hili dogo limeganda barafu. Hata koti hana —