Pini Kwenye Ramani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, au bado unalikanda kwa maji moto huku ukimwambia daktari umepona? Sisi huku wazima. Mkwe wako anakusalimu, na mjukuu wako ameota meno mawili, anatuuma sote bila ubaguzi.

Tumefurahi mno kusikia umepata tiketi. Ila kabla hujafika, kuna jambo lazima ulijue.

Kwenye karakana yetu ya ushonaji kuna ramani kubwa, karibu na meza ya kukatia vitambaa. Fundi mgeni hupewa pini yenye kichwa chekundu, achome alikotoka. Siku yangu ya kwanza niliutafuta mji wetu mpaka macho yakaniuma. Haumo. Wenzangu walikuwa nyuma yangu wakingoja, nami nikaona haya, nikachoma lile jiji tulilolipita mara moja tu, tena ndani ya basi.

Uongo ukazaa. Msimamizi aliuliza mtaa, nikautaja niliousoma gazetini. Mama anayeshona vifungo, ambaye haishiwi maswali, akaulizia nyumba, nikaipandisha ghorofa mbili.

Sasa wamesikia unakuja, na mama wa vifungo ameshajiandaa kukuhoji. Wiki iliyopita nilikuandikia barua nyingine, nikikuomba useme huko nyumbani tunaishi ghorofani. Nilipoirudia kuisoma nikakuona na goti lako, unapanda ngazi zisizokuwepo. Nikaichana.

Juzi, wakati wa chai, niliwaeleza wote ukweli. Msimamizi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema hata kwao hakumo, pini yake iko mbali na kwao mwendo wa siku nzima. Akaniambia niihamishe yangu. Nikapima kwa tepu kutoka pale mto unapokunja kona, nikachoma mahali peupe kabisa. Mama wa vifungo akauliza hapo kuna nini.

Mama, hili ndilo lililonikosesha raha zaidi. Miaka yote hii, wakiniuliza nani alinifundisha kushona, nilikuwa nikisema chuo. Nilikuonea aibu wewe, uliyenishika mikono kwenye cherehani nikiwa sijafikia pedali. Nisamehe. Nikamjibu kwamba hapo kuna kibaraza, cherehani moja, na mama yangu, na chuo chenyewe ndicho hicho.

Mama wa vifungo alichukua kipande cha karatasi ya kukatia, akaandika, akakibandika chini ya pini: “Kwa mwalimu wa fundi wetu.”

Wasalimie majirani wote, na aliyeazima mkasi wako aurudishe. Njoo na miwani, usome mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba wako