Kopo la Samli ya Chakol

Busia, 6 Machi 1977

Mwanangu Shamsa,
Salaam aleikum. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni juu yako. Tangu ulazwe huko Nairobi nyumba imekuwa kimya. Jana nilipika chakula cha watu wawili, nikala peke yangu. Daktari amesema nini juu ya hilo tumbo? Mjomba wako Usman anapita huko na lori, nimempa kopo la samli niliyonunua sokoni Chakol. Weka kwa kila chakula. Umekonda mpaka majirani wanafikiri nakunyima. Kula, usinitie aibu.
Mama yako, Hasina

Nairobi, 21 Machi 1977

Mama mpendwa,
Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi bado. Daktari anasema si minyoo wala jicho la watu. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho, kinatoa maji ya kusaga chakula. Mimi nilizaliwa na mfereji wake mbaya, maji yanakwama na kukichoma. Watanipasua, waufungue mfereji na kuushonea kwenye utumbo.
Mafuta ndiyo yanaamsha maumivu, na walinikataza kabisa. Lakini hapa wodini hakuna anayenijua, Mama. Saa ya kuona wagonjwa nageukia ukuta. Nikafungua kopo, likanukia kwetu, nikalamba kwa kidole huku nalia. Nikazidiwa, wakaahirisha upasuaji.
Usikasirike. Hata nyumbani samli ilikuwa inaniumiza. Nilikuwa nakula kwa sababu ulikuwa unaniangalia.
Binti yako, Shamsa

Busia, 2 Aprili 1977

Mwanangu,
Salaam. Afya yangu usiulize. Nimesoma barua yako nikakaa chini jikoni. Miaka yote hiyo nakulisha maumivu kwa mkono wangu, na wewe unasema asante. Kwa nini hukuniambia? Basi, najua, ningesema unadeka. Nimeumia, Shamsa. Samli sitaki kuiona tena humu ndani. Baba yako hajarudi kutoka Jinja na duka halina mtu, lakini niambie siku ya kupasuliwa, nitalifunga nije.
Mama yako

Busia, 30 Aprili 1977

Shamsa,
Salaam. Umenyamaza. Kila lori likisimama natoka nje. Niandikie hata mstari mmoja.
Mama

Nairobi, 9 Mei 1977

Mama,
Shikamoo. Walinipasua ghafla, sikupata nafasi ya kukuambia, na mkono ulikuwa hauwezi kalamu. Kidonda kinauma, lakini yale maumivu ya siku zote nayatafuta siyaoni. Leo nimemaliza uji, kisha nikamwambia sista kuna kitu kinanivuta tumboni, lakini hakiumi. Akacheka, akasema hiyo ni njaa.
Nikirudi, upike chakula cha watu wawili.
Binti yako, Shamsa