Ijumaa za Nywele za Mama

Nilakkottai, 9 Juni 1995

Kwa Dada Sivagami,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na tumbo lako pia kama nalo linasalimiwa. Sisi hatujambo. Babu ndiye anayekohoa, lakini anasema kikohozi chake kimenizidi umri, nikiheshimu nikiache.

Leo ni Ijumaa na nimemaliza kumwosha Mama sasa hivi. Mikono bado inateleza, ndiyo maana karatasi ina madoa. Nimefuata ulivyonionyesha kabla ya harusi yako: mafuta ya ufuta yapate moto kiasi cha kiganja kuvumilia, nianze utosini nishuke mpaka ncha, akae juani kidogo, halafu nioshe kwa unga wa shikakai uliokorogwa na maji ya wali. Kisha ubani wa kufukizia, kisha chanuo. Mkono wangu mzito, najua. Hakulalamika.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilidhani Mama anaongea na wewe tu. Tangu amzae yule mdogo wetu akiwa amekufa, miaka miwili sasa, sisi wengine tunapata "ndiyo" na "sitaki", basi. Leo maji yakiwa yanamshuka shingoni akasema, "Poongodi, kata kucha." Halafu akaanza kunisimulia jinsi alivyokuwa akikimbia kuoshwa utotoni, akajificha kwenye ghala la mpunga na mafuta yake kichwani, panya wakamfuata kwa harufu. Akacheka, dada. Mimi nilibaki na kata ya maji mkononi. Nywele zilipokauka alinyamaza tena, lakini sasa nimeelewa kwa nini hukuwahi kuruka Ijumaa hata ulipokuwa na homa.

Haya siwezi kuyasema mdomoni, unanijua. Shuleni mwalimu wa Kiingereza ananiita jiwe, eti naandika kurasa nne lakini nikiulizwa jina langu siwezi kujibu.

Mdogo wako,
Poongodi


Rourkela, 24 Juni 1995

Kwa Poongodi, jiwe letu,

Salamu zako zimefika. Tumbo bado halijui adabu, linaitikia salamu kwa kunitapisha. Shemeji yako hajambo, anatoka kiwandani mweusi kama sufuria na anataka nimwambie amependeza.

Nimesoma habari ya panya mara tatu. Mimi hajawahi kunisimulia hiyo, kwa hiyo usiseme tena mkono wako mzito.

Ila sikiliza. Nywele za Mama ni nyingi na laini, zikikosa mafuta zinashikana kama pamba, na yeye hana nguvu ya kuzichanua mwenyewe. Usiruhusu Ijumaa ipite. Na sizungumzii nywele tu. Akikaa sana bila kuguswa anakwenda mbali, na kumrudisha ni kazi. Mimi naijua kazi hiyo.

Hapa mama mkwe anaosha nywele kwa sabuni ya kufulia, halafu ananiuliza nimeiba wapi zangu. Namvumilia. Mwezi wa saba wa mimba nitakuja nyumbani, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Hapo tutashika kichwa hicho wawili, wewe kushoto mimi kulia.

Dada yako,
Sivagami


Nilakkottai, 20 Julai 1995

Kwa Dada,

U hali gani? Sisi tumepoa tu. Telegramu ya kifo cha Babu mliipata. Hakuna aliyekulaumu kwa kutokuja, wote wanajua mjamzito haendi msibani.

Unajua sheria ya msiba. Bibi aliifungia chupa ya mafuta kabatini siku ileile, na hakuna aliyepaka tone mpaka matanga yakaisha. Ijumaa zikapita. Siku tulipofunguliwa nilikuwa wa kwanza jikoni, mafuta yapo motoni, Mama nimeshamkalisha kwenye kigoda, mara mtu akaingia na habari kwamba kule Batlagundu amefariki binamu yake Babu. Mtu ambaye sijawahi kumwona hata kwenye picha. Bibi akasema, "Ukoo mmoja, msiba mmoja." Nikazima moto. Mama akainuka kwenye kigoda mwenyewe akarudi kulala, uso ukutani, ubavu uleule.

Dada, nywele zimeshikana. Kisogoni kote ni donge moja, gumu, kama nyuzi za makumbi ya nazi zilizolowa zikakauka, na kutoka hapo inaning'inia misokoto mitatu. Chanuo halipiti. Jana asubuhi Bibi aliniona nikihangaika. Akaja, akagusa, akavuta mkono kama aliyeshika moto. Kisha akaenda kuwasha kafuri ya ibada.

"Weka chanuo chini. Hizo si nywele za mama yako tena. Mama Mariamman ameshuka kichwani mwake."

Nikasema kwa sauti ndogo, "Bibi, ni mafuta tu yamekosekana."

"Nani kakuuliza? Unasoma vitabu vya Kizungu, mungu wa kike anapochagua pa kukaa utamjulia wapi?"

Yote hayo yanasemwa juu ya kichwa chake, na Mama ametazama ukuta. Tangu Babu afe hajaniambia neno.

Mdogo wako,
Poongodi


Rourkela, 2 Agosti 1995

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, nimeiona kwenye mwandiko wako.

Bibi akienda hekaluni, lowesha donge mafuta mengi, liache linywe. Halafu vidole, si chanuo. Anzia nchani, fungua uzi mmoja mmoja ukipanda juu, usivute. Ni kazi ya wiki nyingi, lakini zinafunguka, nimeona mwenyewe. Na umwambie Baba. Ni mke wake kabla hajawa wa mungu yeyote.

Nivumilie kidogo, nakuja.

Dada yako,
Sivagami


Nilakkottai, 30 Agosti 1995

Kwa Dada,

Naomba Mungu uwe mzima. Mimi mwili hauna neno.

Nilijaribu. Nilifungua msokoto mmoja kama upana wa vidole viwili, Mama akashusha pumzi akasema, "Shingo." Neno moja. Nikamsugua shingo. Sikusikia mlango. Bibi alikuwa amesimama na jirani yetu Rakkamma, sinia la maua mkononi, wakinitazama vidole. Afadhali wangenipiga.

Siku chache baadaye mtoto wa mwisho wa Rakkamma akashikwa na tetekuwanga. Na unajua mtaani kwetu hiyo haiitwi ugonjwa, husemwa Mama Mariamman amekuja. Basi mtaa mzima ukaja mlangoni. "Binti yako amemkasirisha, mtoto wangu ndiye analipa," Rakkamma alimwambia Baba, huku analia, na mimi niliogopa kwa sababu kilio chake hakikuwa cha uongo. Mtoto alikuwa na malengelenge mpaka kwenye kope. Usiku nilijiuliza, kama kweli ni mimi? Wewe usinicheke.

Baba alitazama sakafu. "Poongodi, usimguse tena." Hayo tu. Halafu akarudi kwenye cherehani yake, na nilisikia inakwenda bila kitambaa.

Mtoto amepona. Sasa Ijumaa ndizo watu wanazokuja kumwabudu Mama. Wanaleta nazi na manjano, wanapaka unga mwekundu kwenye ile misokoto, wanaomba kazi, wanaomba waume, wanaomba wafaulu mitihani. Hata mwalimu wangu wa hesabu alikuja. Aliniona, akajifanya anatafuta viatu vyake. Bibi amekuwa na sauti mpya. Mimi nalala chumba cha cherehani.

Donge limekuwa zito, dada, kichwa kinamwinamia upande. Njoo. Wewe una mtoto tumboni, hakuna atakayethubutu kukupandishia sauti. Nakusubiri wewe tu.

Mdogo wako,
Poongodi


Rourkela, 21 Septemba 1995

Poongodi wangu,

Siji. Naiandika mwanzoni ili nisipate nafasi ya kuizungusha.

Mama mkwe amesikia habari kwa mtu wa Dindigul, huko kwetu, aliyepita hapa. Amesema, "Utajifungulia mikononi mwa nani? Mama yako sasa ni hekalu, na hekalu halimpikii mzazi uji." Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anasoma gazeti, na hakulipindua ukurasa mpaka mama yake alipotoka. Bangili za mwezi wa saba wa mimba nimevishwa hapahapa, na wanawake nisiowajua majina. Wamenichagulia za kijani. Zinabana.

Chukua mkasi wa Baba ukate. Kata kote, ziote upya. Wakikuuliza sema nimekuagiza mimi, nitaibeba lawama huku mbali.

Dada yako,
Sivagami


Nilakkottai, 24 Oktoba 1995

Kwa Dada Sivagami,

Natumaini umeifikia sikukuu ya Dipawali salama na miguu haijavimba. Hapa sote tu wazima kwa namna yetu.

Jana alfajiri nyumba nzima ilioga mafuta kama ilivyo desturi ya sikukuu. Bibi alinipaka mimi kwa mkono wake, Baba akaoga, hata mtoto wa Rakkamma aliletwa kupakwa utosini. Mama peke yake ndiye hakuguswa. Alikaa kwenye mkeka akitutazama tunavyong'aa. Kisha wakaenda hekaluni. Nikasema tumbo linaniuma, nikabaki.

Nilichukua mkasi. Niliketi nyuma yake, nikainua donge kwa mkono mmoja. Sikujua lina uzito kiasi hicho. Nikautia mkasi nyweleni, na kabla sijafunga vidole akanishika kifundo cha mkono, taratibu.

"Weka chini, mwanangu."

"Mama, shingo inakuuma."

"Inaniuma."

"Basi niache nikate. Dada ndiye aliyeagiza. Nitakuosha kila Ijumaa, sitaruka tena, hata afe nani."

Alitazama ukuta, nikadhani ameshakwenda mbali. Kisha akasema, na hakuna maji yaliyokuwa yakimshuka, hakuna mafuta, alisema tu: "Wanakuja kuniuliza hali yangu. Rakkamma ananishika miguu. Yule mtoto alipokufa hakuna aliyekanyaga kizingiti kile."

"Mimi na Dada tulikuwepo."

"Mlikuwepo Ijumaa tu," akasema. Hakunisema vibaya. Alinipapasa mkono aliokuwa ameushika, halafu akauachia.

Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo. Ukipata la kumjibu huko, usilicheleweshe.

Nilirudisha mkasi mahali pake. Haukupita muda wakaanza kufika wageni wa sikukuu, wengi, wengine wametoka vijiji ambavyo sivijui. Mama akanyoosha shingo kidogo kidogo, kama mtu anayeinuka na mtungi wa maji, akawageukia. Nilisogea ukutani kuwapisha. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kwa upole kama mimi ni wa nyumba hii, au nami nimekuja kuomba.

Nilimwambia nimekuja kuomba. Akanipisha nikae mbele yake kwenye foleni.

Mdogo wako,
Poongodi