Kila Asubuhi Napita Kuisoma Bei ya Baba

Shangazi Eluned, shikamoo. Ukurasa wako ndio wa kwanza kuufungua gazeti likifika, tangu nina mimba nakusoma, na sikudhani siku moja nitakuandikia mimi, lakini huku bondeni kwetu ukimwambia mmoja umewaambia wote, kwa hiyo naomba unisaidie, jina langu ulifiche na mji wetu usiutaje, na majina ya wengine humu nimeyabadilisha.

Baba yangu anaitwa Emrys, ana kituo cha mafuta barabara ya juu, pale unapoingia mjini ukitokea milimani, pampu mbili na gereji kwa nyuma, alikirithi kwa baba yake, na mimi nimekulia palepale, kutembea nilijifunza nikishikilia matairi. Mama alifariki nikiwa bado shuleni, na tangu hapo baba alibaki na kituo chake na rafiki yake Hefin, mfugaji anayesambaza maziwa na mayai, ambaye kila asubuhi akimaliza mzunguko wake alikuwa anasimama pale, wanakaa juu ya madebe ya oili yaliyopinduliwa, wanakunywa chai na kutaniana mpaka wateja wanachungulia kuona kuna nini. Hefin anamwambia, "Emrys, hizi pampu zako zimezeeka kuliko mchungaji wetu," na baba anamjibu, "Lakini bado zinatoa kitu, sio kama ng'ombe zako."

Sasa Shangazi, ilipofunguliwa supamaketi kubwa kule chini kando ya mto, na pampu zake nyingi, mafuta yalishuka bei mji mzima, watu wakafurahi, na mimi sikatai, nilifurahi pia, maana kabla ya hapo tulikuwa tunalipa zaidi ya watu wa pwani. Nikapata kazi huko, nilikuwa nimemzaa mwanangu Mabli na baba yake alishaondoka, na wao walinipa saa zinazokwenda na chekechea, na baba mwenyewe alinibusu kichwani akasema, "Nenda mama, kazi ni kazi, mimi sina kinyongo na mkate wako."

Mwanzoni nilikuwa napanga mikate. Halafu meneja wetu, Craig, kijana tu, si wa huku na wala si mtu mbaya, akajua kwamba nakaa barabara ya juu, akaniambia, "Wewe si unapita kwa yule mzee wa pampu kila siku? Basi ukipita tupia jicho bango lake, nitumie bei kwa simu, imekwisha." Sikumwambia yule mzee ni nani wangu. Nikajisemea ni namba tu, tena iko barabarani, kila mwenye macho anaiona.

Lakini namba ile inakwenda makao makuu, na kabla jua halijapanda bei kwenye bango letu la supamaketi imeshashushwa, peni moja chini ya ile ya baba. Baba akiona, anaweka ngazi, anapanda, anabadilisha namba zake kwa mkono, na kesho yake mimi napita tena. Craig aliwahi kunieleza kwamba sisi hata tusipopata faida kwenye mafuta hatuumii, mtu akishajaza tangi anaingia dukani na toroli ananunua nyama na sabuni, huko ndiko hela iliko. Baba ana mafuta tu na peremende kwenye chupa, na kuna wiki lori linamletea mafuta kwa bei ya juu kuliko ile tunayouzia sisi.

Na Mabli, Shangazi, ana miaka minne sasa, anakaa kwenye kiti chake cha nyuma garini, maana nampeleka chekechea kwanza ndipo niende kazini, na mimi pale kwa baba napunguza mwendo, na siku moja akaanza kuzisoma namba za bango kwa sauti, moja, nne, tatu, na ile tisa ndogo ya mwisho. Amejifunza namba kwenye bango la babu yake. Nikawa siangalii tena, namwacha yeye asome, nikifika kwenye kona nasimama naandika. Baba huwa mlangoni, kitambaa begani, anatupungia, na Mabli anampungia kwa mikono yote miwili. Jumapili moja tukila kwake akaniambia, "Unajua mama, kuna asubuhi naamka nasema leo nafunga, wamwage zege kwenye matangi ya chini ya ardhi wayazibe, basi. Halafu naona gari lako linapunguza mwendo. Nasema ngoja kwanza, mjukuu wangu anapita. Nafungua." Nikainuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Majira ya baridi akaanza kuulizauliza wanamjuaje upesi hivyo, "Nabadilisha bei, chai haijapoa wameshanishusha. Kuna mtu." Na Hefin anapeleka maziwa mpaka kwetu supamaketi. Basi asubuhi moja nimesimama pale na Mabli mkononi, na wateja wapo, baba akamwambia Hefin, "Unakunywa chai yangu, halafu unakwenda kuiuza bei yangu kule chini." Hefin alidhani ni utani, akacheka, akasema, "Kama wananilipa, Emrys, mbona suruali ni ileile?" Baba hakucheka. Akasema, "Toka kwangu." Hefin alikiweka kikombe juu ya pampu, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine, akapanda gari lake akaenda. Mpaka leo hajasimama tena pale. Debe lake lipo, hakuna anayelikalia. Na mimi siku ile sikufungua mdomo.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni kwamba juzijuzi, Jumapili, Mabli alimwambia, "Babu, namba zako mimi ndiye namsomea mama, yeye anaandika kwenye simu." Baba alikuwa anakata mkate, kisu kikasimama. Halafu akacheka, akamwambia, "Basi wewe ni mwanafunzi hodari," akampa peremende. Mimi hakuniangalia wala hakuniuliza kitu, nadhani hakuelewa, nikamshukuru Mungu. Jumatatu tulipopita tukamkuta juu ya ngazi na brashi na maji ya sabuni, anasugua bango, lilikuwa limeota ukungu wa kijani miaka mingi, akatuambia kutoka kule juu, "Nalisafisha, mtoto asome vizuri." Na siku hizi hasimami tena mlangoni, anasimama chini ya bango.

Shangazi, matangi yake yamechakaa, na Pasaka ikipita mafundi wanakuja kuchimba waweke mapya, atatoa akiba yake yote ya uzeeni, anasema anataka kuniachia mimi na Mabli kitu kilicho kizima. Nikimwambia ukweli naogopa moyo wake utavunjika. Nikiacha kazi, huku hakuna nyingine. Mimi bado nina matumaini kwamba labda supamaketi watachoka, bei zitatulia, na Hefin atarudi mwenyewe siku moja na kikombe chake. Je, ninyamaze tu mpaka mambo yapoe? Nakuomba unijibu kabla ya Pasaka.

Binti wa Barabara ya Juu

SHANGAZI ELUNED ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusikia, na pole. Umelea mtoto peke yako na umemlea vizuri, mtoto anayepungia babu yake kwa mikono miwili hakulelewa vibaya. Sasa kaa chini, maana nina maneno nawe.

Kwanza, namba. Bei si siri, baba yako mwenyewe ndiye anayeitundika barabarani. Usipoisoma wewe ataisoma mwingine, na mzee atapanda ngazi vilevile. Mimi naishi kwenye mji ambao vituo vidogo vilikufa kimoja baada ya kingine, duka kubwa likabaki peke yake, na sasa bei yake haina haraka ya kushuka, imshukie nani? Watu wanavuka mlima kwenda kujaza kwingine. Kwa hiyo hao wanaofurahia mafuta rahisi hapo kwenu wanakula jasho la ngazi ya baba yako, na wengi wao hata peremende hawamnunulii. Hilo si kosa lako peke yako.

Kosa lako ni lile la kikombe. Mtu asiye na hatia alifukuzwa mbele ya watu, wewe umesimama pale, mdomo unao. Kwa hilo sikubembelezi. Halafu unaniandikia kwamba unatumaini Hefin atarudi mwenyewe. Arudi kufanya nini, kuomba msamaha wa kosa lako?

Pili, unasema baba yako hakuelewa. Isome barua yako mwenyewe, mwanangu. Kisu kilisimama. Mtu ambaye hakuelewa angeuliza, "Namba gani? Simu gani?" Yeye hakuuliza, alitoa peremende. Asubuhi yake akapanda ngazi, kwa umri ule, akasugua ukungu alioishi nao miaka yote. Simjui baba yako na siwezi kuapa, lakini mimi nasema anajua. Anajua, na amelisafisha bango ili usipate taabu kulisoma.

Sasa jiulize jambo lingine. Kama anajua, kwa nini hajaenda kwa Hefin kumwomba radhi? Kwa sababu Hefin atamuuliza, "Basi alikuwa nani?" Na baba yako hawezi kukutaja. Mara ya kwanza alimpoteza rafiki yake kwa hasira. Sasa anampoteza mara ya pili, kwa ajili yako, na anajua anachofanya.

Kwa hiyo hapana, hutanyamaza. Kesho nenda kwa Hefin, zizini kwake, bila mtoto. Mwambie ni wewe. Usimlilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Sema, kisha nyamaza, umwache akasirike kiasi anachotaka. Akimaliza, mwombe afuatane nawe kwa baba yako. Akikataa, nenda peke yako, na wiki ijayo urudi kumwomba tena.

Kazi usiache, mtoto anakula kila siku. Lakini mwambie huyo Craig kwamba yule mzee wa pampu ni baba yako, na kusoma bango lake ampe mtu mwingine. Kama si mtu mbaya kama unavyosema, ataelewa. Na Mabli aendelee kusoma namba, ila amsomee babu yake.

Matangi je? Hilo mwambie kabla jembe halijagusa ardhi: "Baba, usinichimbie mimi." Duka kubwa linauza mafuta kwa bei ambayo yeye hawezi kununulia, na akiba ya uzeeni haitabadilisha hilo. Mikono yake inajua breki na injini, na hivyo haviuzwi karibu na mikate. Huenda gereji ikamlisha bila pampu. Huenda isimlishe. Sitakudanganya kwamba kituo kitapona, vingi havikupona. Lakini auamue mwisho wake akiwa anajua kila kitu, na asiuamue kwa sababu kuna gari limepunguza mwendo.

Siku hiyo usipunguze mwendo, wala usisimame kwenye kona. Ingia kabisa, simama kwenye pampu, umwache akujazie tangi kama mteja mwingine yeyote. Ukiweza, Hefin awe amekaa kiti cha mbele. Ndipo uanze kusema.

Na umlipe kabla hujafungua mdomo. Bei usimuulize. Unaijua.