Blanketi la Kilo Saba

Machi 4

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua uvimbe na kifua hakikusumbui. Mimi mzima.

Karani wa basi atakupa furushi pamoja na barua hii. Ni blanketi langu, nimelimwagia uji, na hapa ninapopanga hakuna ua wala bomba la kueleweka. Ni zito, usishangae. Foronya yake ya nje ina zipu. Ivue, uifue hiyo peke yake. Lile la ndani lipanguse tu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Usilipige, usilikamue, usilitundike kambani. Litandaze mezani likauke, uwe unaligeuza.

Nalihitaji upesi, mama. Isizidi wiki.

Mwanao, kitindamimba


Machi 11

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mara mia. Mguu umepungua, kifua shwari, maneno bado ninayo tele kama unavyonijua.

Barua yako nilimsomea mshonaji, jirani yangu, tukacheka mpaka machozi. Mimi kufundishwa kufua. Mimi niliyefua mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa, muuguzi mkuu akakiri hajaona weupe wa namna ile. Wewe mwenyewe umekulia ndani ya beseni langu.

Basi nimelifua lote, ndani na nje. Lakini mwanangu, huko dukani walikupiga. Kuliinua tu kiuno kililia, na nilipolitundika kamba ikakatika. Nikasema hapa si bure. Nikafumua mshono, nikakuta vifuko vidogo vidogo, kila kimoja kina vijiwe vya kioo, laini kama sukari. Wamekuuzia mchanga wakakwambia blanketi. Nimevitoa vyote, kifuko kwa kifuko, siku mbili mgongo umepinda, nikajaza pamba safi. Kwa vijiwe hivyo nimefukia lile dimbwi la mlangoni, sasa tunaingia ndani na viatu vikavu.

Mtaa mzima wamekuja kulishika na kulinusa. Jepesi kama kifaranga. Nimewaambia ni la mwanangu huyo, mchomeleaji wa vyuma vya maghorofa, asiyejua woga wa kwenda juu. Linakuja na basi la Alhamisi.

Mama yako, bingwa wa beseni


Machi 19

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Blanketi lilifika. Linanukia vizuri, asante kwa kazi ya mikono yako. Nalirudisha na basi hili hili.

Mama, vile vijiwe ndivyo vilivyokuwa dawa. Mwezi wa kumi mwenzangu aliteleza kule juu, nikamdaka mkono, ukaniponyoka. Tangu hapo mwili wangu haukubali kutulia. Nikijilaza natetemeka, naona ninayeanguka ni mimi. Daktari ndiye aliyenipa blanketi. Ule uzito ulikuwa unanishikilia chini mpaka nasinzia. Kazini sijaenda tangu Januari. Sikukwambia kwa sababu kila barua unanihadithia unavyonisifu huko, nikaona aibu kukuharibia.

Kama vijiwe bado vipo, naomba uvirudishe. Hukujua, usijilaumu.

Mwanao


Aprili 9

Kitindamimba wangu,

Unakula? Kuna mtu wa kukaa naye? Mimi usiniulize.

Nimefukua dimbwi lote. Udongo nimeuchekecha kwa chekeche la unga, nikausuuza maji tisa, wiki mbili nimechuchumaa mlangoni. Mshonaji akapita akaniuliza, "Bingwa, leo unafua tope?" Nilipomsomea barua yako akavua viatu, akachuchumaa kando yangu.

Mwenye duka ametupimia: kilo tano. Mbili zimeondoka na mvua na miguu ya watu, na wa kwanza kuzikanyaga nilikuwa mimi. Hizo tano tumezigawa kwa kijiko, kifuko kimoja kisizidi mwenzake, mshonaji akashona mara mbili. Safari hii nimelipangusa kama ulivyosema. Nimelitandaza mezani siku tatu, tukawa tunakulia chini.

Mambo ya maghorofa nimeacha kuyataja. Wakiniuliza nawaambia mwanangu anaumwa. Njoo nyumbani. Ukishindwa kuja, nijibu hata neno moja.

Mama yako


Mei 2

Mwanangu,

Salamu nakupa, hali yako siijui.

Furushi limerudi. Karani anasema lilikaa ofisini kwao wiki mbili, hakuja mtu kulichukua. Simu yako haipatikani. Mwenye nyumba wako ndiye aliyeniambia kwa simu kwamba kufuli liko mlangoni, viatu vyako vya kazi viko nje, na hakuna aliyekuona tangu mwanzo wa Aprili. Kwa hiyo nilipokuwa naligeuza pale mezani ulikuwa umeshaondoka. Kaka yako amezunguka hospitali zote na vituo vyote vya polisi. Amerudi juzi mikono mitupu, akakaa kitandani bila kuvua koti.

Barua hii mwenye nyumba ameahidi kuisukuma chini ya mlango.

Jana mchana nilijifunika blanketi lako. Pamoja na upungufu wake wote, lilinikalia kifuani kama mkono wa mtu anayeniambia tulia. Ndipo nikajua nilichokunyang'anya. Nikaingiza uso ndani nitafute harufu yako, maana mtoto hata akiwa mkubwa mama yake anamjua kwa harufu. Hakuna. Niliitoa mwenyewe kwa sabuni ya mche, maji matatu, na nikaita watu waje wanuse.

Mama yako