Mguu wa Besi Haukuwa Katikati

Ujiji, Kigoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Mama bado anakugombeza kwa kulehemu redio za watu kwenye meza ya chakula? Mimi ni mzima, dagaa wa huku wamenivimbisha mashavu. Wateja wanaoniletea redio kibandani wengi ni wakimbizi waliovuka ziwa. Hawakosi kipindi cha saa kumi alasiri, kinachosoma majina ya watu wanaotafutana.

Juzi saa nane alikuja Mama Furaha, mkimbizi wa kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, anayeanika dagaa ufukweni Kibirizi, na redio iliyokufa. Alipotezana na mdogo wake njiani.

"Fundi, leo wanasoma ya watu wa kwetu," akaniambia. "Kesho ni zamu ya wengine."

Nikakuta transista moja imeungua. Nikachomoa nyingine kwenye redio kuukuu ya Kijapani, kati ya miguu yake mitatu nikaunga wa katikati kuwa besi, kama ulivyonifundisha. Kimya! Baba, nilikukasirikia kidogo.

Transista ni bomba la maji. Umeme mdogo unaoingia kwenye besi ni kidole kinachofungua koki, na umeme mkubwa wa betri, unaopita toka mguu wa kolekta hadi wa emita, ndio maji ya tangi. Ndivyo sauti nyonge inavyopata nguvu. Sasa mimi koki nilikuwa siijui iko wapi. Nikachukua mita, nikapima miguu miwili miwili, maana mguu unaopitisha umeme kwa wenzake wote wawili ndio besi. Kumbe ulikuwa wa pembeni! Kila kiwanda na mpangilio wake, mzee wangu, kwa hiyo siku hizi napima kwanza ndipo nalehemu.

Saa kumi kasoro dakika chache redio ikanguruma. Wakimbizi wengine wakajaa kibandani, tukasikiliza mpaka likasomwa jina la Mama Furaha. Anatafutwa na mdogo wake, ambaye yuko kambini Kasulu, mkoa huu huu. Nilifurahi mpaka nikaunguza kidole.

Nisalimie Mama, shangazi mshonaji, na kaka dereva, mwambie barua haziumi. Wifi ajifungue salama.

Nilitaka kumaliza hapo, ila sijakwambia jambo moja. Mama Furaha alijifunga kanga upya, akatoka mbio kutafuta gari la Kasulu. Nikamkimbilia, nikamwambia amesahau redio yake.

"Sijaisahau," akasema. "Wengine hawajasomwa bado."

Mwanao akupendaye,
Zuhura